Masika Yanabisha Hodi: Maswali Yenu ya Bustani ya Nyumbani

Mvua imenyesha siku mbili mfululizo. Nikimbilie kupanda? (Kigamboni)

Tulia kwanza. Mvua za mwanzo za Machi zina uongo: zinanyesha siku mbili, kisha jua linawaka wiki nzima na miche inabaki vijiti. Chimba shibiri moja. Ukikuta vumbi chini ya tope, bado. Siku hizo inua matuta, maana Aprili maji yatatuama. Yale majaruba ya kiangazi uliyoyazamisha ili yashike maji, yajaze udongo, la sivyo mboga zitaozea humo.

Nimemwaga mbegu za mchicha mara mbili, hakuna kilichoota. Nimeuziwa mbegu mbovu? (Morogoro)

Huenda, lakini wachunguze sisimizi kabla hujamgombeza mwenye duka. Mwaka juzi mimi nililalamika wiki nzima, mpaka asubuhi moja nilipochuchumaa kando ya tuta nikauona msafara: kila mmoja na punje yake nyeusi, wanaelekea shimoni bila haraka. Sasa nachanganya mbegu na mchanga mkavu na majivu, namwaga kwenye mstari, nafunika kwa udongo mwembamba sana. Mbegu ndogo vile ukiizika kirefu haitoki. Juu natandaza nyasi kavu chache ili matone yasiizoe, naziondoa ikishachipua. Wiki ya tatu au ya nne unachuma. Konokono nao watakuja. Waokote usiku kwa tochi na ndoo.

Nyanya je? (Bagamoyo)

Nyanya wakati wa masika huku pwani ni kujitafutia ugomvi. Majani hayakauki, ukungu unashika, unabaki kununua dawa. Ngoja Juni. Sasa hivi panda bamia, mbegu uziloweke usiku kucha, au matembele, ambayo kwa kweli hayamshindi mtu: kata marando, fukia vifundo vitatu, acha ncha nje.

Mimi mpangaji, nina baraza tu. Na moyo wangu uko kwenye maua, mume wangu anataka mboga. (Tanga)

Mbona hakuna kesi hapo, dada? Bibi zetu walichanganya: mrehani mlangoni, asumini karibu na dirisha, mpilipili katikati. Tafuta ndoo zilizopasuka na viroba, toboa chini, weka kokoto, kisha udongo sehemu mbili kwa samadi iliyooza sehemu moja. Mrehani usinunue. Omba kijiti kwa jirani, kiweke kwenye kikombe cha maji kitoe mizizi. Ukianza kuchanua, kata vichwa, utatanuka. Asumini ipe jua la kutosha, na iache ndani ya ndoo, ili siku mwenye nyumba akipandisha kodi uondoke nayo.

Samadi ya kuku ikiwa mbichi inafaa? (Mbagala)

Itaunguza miche. Irundike, ifunike, igeuze kila baada ya wiki. Chomeka kijiti katikati ya rundo. Ukikichomoa kina joto, rudisha turubai.