Kipima mionzi chenye seziamu ndani, uliza kabla hujalipa

Ukienda kununua kipima mionzi cha mkononi, kile kinachokutajia na jina la kitu chenye mionzi, siyo kile kinacholia tu, swali la kwanza muulize muuzaji humo ndani kuna chanzo cha mionzi au hakuna. Mimi nakagua vyuma chakavu kabla havijaenda kuyeyushwa, nimetumia aina zote mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Chanzo chenyewe mara nyingi ni punje ndogo ya seziamu-137. Kristali ya sodiamu ayodaidi, ile inayohisi mionzi humo ndani, haitulii kwenye joto, asubuhi iko vizuri, ikifika saa nane yadi nzima inawaka jua piki, yaani vile vilele vya kwenye grafu vinavyoonyesha nishati ya mionzi, zinaanza kuhama, sasa mashine inaangalia piki ya seziamu iko wapi, maana inajua inatakiwa ikae keV 662 (keV ni kipimo cha nishati), halafu inajirekebisha yenyewe. Hapo sina neno, ni msaada wa kweli.

Shida ni kwamba punje haizimwi, inaipiga kristali muda wote. Chukua mfano, bila chanzo unapata kaunti 400, yaani mipigo ya mionzi iliyohesabiwa, kwa sekunde kumi, kuyumba kwake kwa kawaida ni kipeuo cha pili, yaani 20. Chanzo kikizifikisha 1,600, kuyumba kunakuwa 40. Kwa hiyo kitu dhaifu sasa lazima kiwe na nguvu karibu mara mbili ndo kionekane, au upime kwa muda mara nne, na dereva wa lori anapiga honi huko nyuma. Muuzaji atakwambia programu inazitoa kaunti za ziada. Inazitoa kweli, ila inatoa wastani tu, kuyumba kunabaki palepale.

Na kama unachotafuta ni seziamu yenyewe ndo mbaya zaidi, kwa sababu piki yake inaota juu ya piki ambayo ipo tayari. Kwenye skrapu hiyo si habari ya mbali, geji nyingi za viwandani, vile vifaa vya kupimia unene au ujazo, zinatumia seziamu-137. Kile chanzo cha seziamu cha mashine ya tiba iliyotelekezwa, watu wa skrapu wakakivunja huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987, kingeliza mashine yoyote, mimi naogopa kile kilichofunikwa na chuma kinene katikati ya mzigo, kinachotoa kidogo tu nje.

Ukitaka kuona kwa macho yako, zungushia mashine matofali ya madini ya risasi yanayozuia mionzi uiache ipime. Mionzi ya asili inashuka, hata potasiamu-40 ya kwenye kuta, ile ya keV 1461, inafifia, ila seziamu imesimama vilevile, maana inatoka ndani.

Ziko mashine zinazojirekebisha kwa taa ndogo ya LED au kwa hiyohiyo potasiamu ya asili, kwa kazi yangu nachagua hizo. Kristali ya lanthanamu bromaidi, aina nyingine inayotumika badala ya sodiamu ayodaidi, nayo inabeba lanthanamu-138 yenye mionzi ya kuzaliwa nayo, piki yake inakaa karibu kabisa na ya potasiamu, kwa hiyo usidhani hiyo haina chochote ndani.

Kama umeshapewa yenye chanzo, tafadhali sana usiifungue kukitoa, hiyo ni kazi ya fundi mwenye kibali. Wewe kila asubuhi pima dakika kadhaa mahali pasipo na mzigo, andika kaunti kwenye daftari, ulinganishe na hizo siku nzima, siyo na namba za kwenye karatasi ya kiwandani.