Kabla hujafunga rimoti ya kuwashia gari, anza na boneti

Mpwa wangu alikuwa ameinamia injini, kijiti cha oili mkononi, nami niko ndani nimejilaza kwenye kochi. Rimoti ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipojigeuza, paja likaminya kitufe mara mbili, na huko nje gari likanguruma. Nikasikia sauti yake, ile ya mtu anayejikaza asionekane ameogopa: "Mjomba, umeingia saa ngapi kwenye gari?"

Sikuwa nimeingia. Mkanda ulianza kuzunguka kiganja kimoja tu kutoka kwenye vidole vyake, na usukani hauna mtu. Kosa lilikuwa langu mimi. Wiki tatu kabla, nilipokuwa nafunga kifaa hicho, ulibaki waya mmoja mwembamba ambao kitabu cha maelekezo kilisema uende kwenye swichi ya boneti. Gari liliwaka bila huo waya, taa zikamweka, nikafurahi. Nikaukunja, nikauzungushia tepu, nikausukuma nyuma ya dashibodi.

Tangu siku hiyo nimefunga vifaa hivi kwenye magari yangu mengine na ya jamaa kadhaa, na kila anayeniuliza namweleza jambo moja kabla hatujafungua hata skrubu. Ukigeuza ufunguo mwenyewe, macho yako yako pale, mguu uko kwenye breki, unajua gia iko wapi na nani amesimama mbele. Ukiwasha kwa rimoti, vyote hivyo havipo. Nafasi yake inachukuliwa na nyaya tatu au nne nyembamba: wa boneti, wa breki, wa gia na wa kuhesabu mzunguko wa injini. Na kwa bahati mbaya, hizo ndizo nyaya ambazo kwenye vifaa vingi gari litawaka hata usipozifunga ipasavyo.

Swali la kwanza basi ni gia. Kama gari lako ni la gia za mkono, ushauri wangu ni uache. Najua kuna vifaa vilivyotengenezwa kwa magari hayo, vyenye utaratibu wa kukulazimisha uache gia huru, uvute breki ya mkono, utoke na ufunge milango wakati injini bado inaunguruma, ndipo kifaa kikubali kuwasha safari inayofuata. Utaratibu ni mzuri, ila mlango mmoja ukiwa na swichi mbovu, au dirisha likiwa wazi na mtoto akaingiza mkono akasukuma gia, kifaa hakina habari. Kabla Cadillac haijaleta stata ya umeme kwenye magari yake ya mwaka 1912, watu walizungusha injini kwa mpini mbele ya gari, na aliyesahau kutoa gia alijikuta gari linamjia. Sioni sababu ya kurudi huko kwa kutumia teknolojia mpya zaidi.

Swali la pili ni ufunguo wenyewe. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kinga ya wizi inayosoma chipu iliyofichwa ndani ya kichwa cha ufunguo. Ulaya iliifanya lazima kwa magari mapya mwaka 1998, Australia 2001, Kanada 2007, kwa hiyo usishangae kuikuta hata kwenye gari lililozeeka. Pale unapochomeka ufunguo pana koili ndogo ya mviringo. Koili hiyo huiamsha chipu, chipu hujibu, na kompyuta ya gari ikiridhika inaruhusu injini iendelee. Rimoti ya kuongeza haina chipu hiyo. Ukifunga nyaya zote sawasawa na ukasahau hili, stata itazungusha, injini itashika sekunde moja au mbili kisha itazima, au haitashika kabisa, na utahangaika siku nzima ukidhani umekosea waya.

Dawa yake ya zamani ilikuwa kuchukua ufunguo wa akiba, kuufungia kwenye kiboksi nyuma ya dashibodi, na kupeleka mawimbi yake kwenye ile koili. Inafanya kazi, ila maana yake umemwachia mwizi ufunguo wako ndani ya gari. Dawa ya sasa ni kiboksi cha data kinachozungumza na kompyuta ya gari kwa lugha yake, na hicho lazima kiwe kimepangwa kwa aina hasa ya gari lako na mwaka wake. Kitafute hicho kwanza, kabla hujanunua rimoti yoyote. Kama hakuna kinacholingana na gari lako, umeokoa pesa zako. Kwa gari la kuwasha kwa kitufe ndiyo usijaribu bila hicho kiboksi, maana pale huzikuti hata zile nyaya nene za swichi. Kitufe kinatuma ujumbe tu, na kazi yote inafanywa na kompyuta.

Sasa tuje kwenye swichi ya ufunguo ya kawaida, ambako kazi ipo. Tumia mita ya kidijitali. Ile taa ya kupimia yenye balbu, anayoipenda kila fundi wa mtaani, hula umeme mwingi kuliko unavyodhani, na ukiigusisha kwenye waya wa kompyuta au wa mifuko ya hewa unaweza kuunguza kitu cha gharama, au mfuko ukakulipukia usoni. Nyaya na plagi za mifuko ya hewa mara nyingi huwa za njano. Ukiona njano chini ya usukani, toa mkono.

Rangi nyingine zisikudanganye. Mchoro wa nyaya uliopata mahali fulani ni wa kukuonyesha pa kuanzia tu, ushahidi unautoa mita. Weka ncha nyeusi kwenye bodi ya gari, nyekundu kwenye waya unaoupima, kisha geuza ufunguo hatua kwa hatua ukiangalia namba. Waya wenye umeme wa volti 12 muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, ndio waya wa moto. Ule unaopata umeme ufunguo ukiwa ON na unaendelea kuwa nao hata wakati wa kupiga stata ndio wa injini. Ule unaopata umeme lakini unakatika wakati wa kupiga stata ni wa redio, feni ya ndani na starehe nyingine. Na ule ulio sifuri muda wote, ukaamka pale tu unapopiga stata, ndio wa stata. Huo wa pili na wa tatu ndio watu huchanganya sana, kwa sababu ukipima ufunguo ukiwa ON bila kupiga stata, unaziona ni kitu kimoja. Mimi nilizichanganya, injini ikawa inakata katikati ya kuwaka, nikalaumu pampu ya mafuta ambayo haikuwa na kosa. Kumbuka pia kwamba stata ikizunguka, umeme wa betri hushuka. Ukiona namba imekwenda kumi na ushee badala ya 12, usiogope, waya haujafa.

Baada ya kuzitambua, ndipo unatoa temino hasi ya betri. Hakikisha una namba ya siri ya redio kama redio yako ni ya aina inayoidai umeme ukikatika. Subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote kilicho karibu na usukani.

Kwenye maungio sina mzaha. Zile klipu za plastiki zinazong'ata waya bila kuuchubua huja bure ndani ya boksi, na mahali pake pazuri ni hapo hapo ndani ya boksi. Waya wa swichi hubeba umeme mkubwa, na klipu iliyong'ata nyuzi chache inapata joto, inalegea, na siku moja gari linazima barabarani ukiwa katikati ya magari mengine. Chubua ganda la waya wa gari kipande kifupi bila kuukata, tenganisha nyuzi zake katikati, pitisha waya mpya humo, uzungushe vizuri, ulehemu kwa risasi, kisha ufunike kwa tepu nzuri ya kitambaa. Kama kulehemu hujui, tumia viunganishi vya kubana kwa koleo lake halisi, si kwa plaisi. Hasi ya kifaa ipeleke kwenye chuma cha bodi, ukiwa umekwangua rangi mpaka chuma king'ae, na uibane kwa boliti peke yake, isishirikiane na nyaya za hasi za kompyuta. Nyaya za moto za kifaa zote zipite kwenye fyuzi zake. Kama gari lina nyaya mbili za moto kwenye swichi, zitumie zote, usiubebeshe mzigo wote mmoja.

Waya wa stata ndio pekee unaofaa kukatwa kabisa. Sababu ni hii: injini ikiwa imeshawaka kwa rimoti, kuna siku utaingia kwenye gari kwa mazoea na kugeuza ufunguo mpaka mwisho. Stata itajaribu kushika meno yanayozunguka tayari, na mlio wake hutausahau. Ukiukata waya huo na kupitisha pande zake mbili kwenye relei ya kifaa, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme, ufunguo unanyimwa stata kila injini inapokuwa hai.

Kisha kuna namna kifaa kinavyojua kwamba injini imeshika. Vingine hubahatisha kwa kuangalia umeme wa betri unavyopanda baada ya altaneta, inayochaji betri, kuanza kazi. Kwa gari lenye betri imara hiyo inatosha, lakini betri ikichoka kifaa kinaweza kuendelea kubana stata wakati injini imeshawaka, au kuiachia mapema mno. Waya wa kuhesabu mzunguko ni bora zaidi. Ama unaupata kupitia kiboksi cha data, ama unauunga kwenye waya wa injekta moja au wa koili ya plagi (si ile ya ufunguo), halafu unakifundisha kifaa ukiwa umeliacha gari kwenye silensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Wenye dizeli, ongezeni waya wa ile taa ya kupasha moto, ili kifaa kisubiri plagi zipate joto kabla ya kupiga stata.

Turudi kwenye boneti. Swichi ni kijipini tu chenye springi. Boneti ikifungwa kinabanwa, ikifunguliwa kinachomoza na kugusisha waya kwenye bodi, na kifaa kinakataa kuwasha, au kinazima kama injini ilikuwa inaunguruma. Kitafutie mahali ambapo maji hayatuami, maana kikiota kutu huacha kugusisha, na hapo umerudi kwa mpwa wangu. Waya wa breki uunge kwenye upande wa swichi ya pedali unaopata umeme ukikanyaga. Huo ndio unaozima injini mwizi akiingia na kukanyaga breki ili atoe gia bila ufunguo. Waya wa gia, kwenye vifaa vingi, hauruhusu kuwasha mpaka uguse hasi, na kwa hiyo mafundi wavivu huubana kwenye bodi moja kwa moja na mambo yanaishia hapo. Usikubali kabla hujajaribu gari lako kama nitakavyoeleza.

Antena hubandikwa juu kwenye kioo cha mbele, mbali na chuma. Hilo halina mengi.

Kuhusu muda wa kuunguruma: vifaa vingi hukuachia uchague, na mimi huweka dakika 10. Injini ya kisasa haihitaji kupashwa moto muda mrefu, inapata joto haraka zaidi ikiendeshwa polepole. Faida hasa ni kwa wewe unayeketi ndani, kama umeacha kiyoyozi au hita tayari kabla ya kuzima jana yake. Na kama gari hulala kwenye gereji iliyoungana na nyumba, achana na mpango huu, au hakikisha hakuna anayeweza kuminya rimoti mlango wa gereji ukiwa umefungwa. Monoksidi ya kaboni inayotoka kwenye ekzosi haina rangi wala harufu, na kitufe kilichominywa mfukoni, kama nilivyokwisha kukueleza, hakimwambii mtu.

Sasa majaribio. Nenda mahali peupe pasipo mtu mbele wala nyuma, kaa kwenye kiti cha dereva, vuta breki ya mkono. Weka ufunguo ON, peleka gia kwenye D, mguu ukae juu ya breki bila kuikanyaga, kisha minya rimoti. Stata ikijaribu hata nusu mzunguko, zima, na usiliache gari litumike kwa rimoti mpaka ujue kwa nini. Rudisha gia P, washa kwa rimoti, kanyaga breki bila kuweka ufunguo: lazima izime. Washa tena, fungua boneti: lazima izime. Boneti ikiwa bado wazi, jaribu kuwasha: isiwake. Yarudie haya kila unapobadilisha betri au gari likitoka kwa fundi.

Na unapompa fundi gari, mwonyeshe ile swichi ndogo inayokifanya kifaa kilale, au uache rimoti kwake. Mpwa wangu hasubiri kuonyeshwa. Mpaka leo, kabla hajafungua boneti ya gari langu lolote, hunyoosha mkono kwanza, nampa rimoti, anaitia mfukoni mwake.