Ukiwa kazini ng'ambo: gharama ya simu iko pale inapotua

SWALI: Nimehamishiwa kituo cha kazi nje ya nchi kwa mwaka mzima na tunaishi kambini. Wi-Fi ipo, lakini jioni inakuwa nzito mno. Nikipiga kwa laini yangu ya nyumbani kwa romingi, salio linakwisha kabla hatujamaliza kusalimiana. Mke wangu ana simu janja. Mama mzazi anatumia kitochi na hataki kubadilisha. Nipige kwa njia gani bila kumaliza mshahara? Na kwa nini simu ya intaneti inakatikakatika wakati alama ya Wi-Fi imejaa?

JIBU: Ndugu msomaji, hapo una simu za aina mbili, na kila moja ina dawa yake. Simu ya kwenda kwa mkeo inaanza kwenye intaneti na kuishia kwenye intaneti. Simu ya kwenda kwa mama lazima itoke kwenye intaneti iingie kwenye mtandao wa simu wa nyumbani. Wengi walioko mbali hupoteza fedha kwa kutafuta njia moja ya kuwapigia watu wote, kisha wanaishia kulipia hata simu ambazo zingekuwa za bure.

Umbali siku hizi si gharama kubwa. Sauti ikishageuzwa kuwa data inavuka bahari kwa fedha kidogo sana. Kinachouma ni mwisho wa safari: kampuni ya simu ya anayepigiwa hutoza ada kwa kila dakika inayoingia kwenye mtandao wake kutoka nje. Ni kama mzigo uliovuka bahari kwa nauli ndogo, halafu mpagazi wa kutoka bandarini hadi mlangoni ndiye anayedai fedha nyingi. Ndiyo maana kampuni ileile inaweza kukuuzia dakika za nchi moja kwa bei ndogo na za nchi nyingine kwa bei mara nyingi zaidi, na ndiyo maana kupiga simu ya mkononi mara nyingi ni ghali kuliko kupiga simu ya mezani katika nchi hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza programu ipi ni nzuri, jiulize kwanza simu yako itatua wapi.

Tuanze na mkeo. Hapa msilipie dakika hata moja. WhatsApp, Signal, Telegram au FaceTime zote hupitisha sauti kama data tupu, na data yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua mfano wa kodeki ya Opus, yaani mfumo wa kubana sauti, uliokubaliwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012. Ukibana sauti kwa kilobiti 24 kwa sekunde, mtu anasikika vizuri. Kila kipande cha sauti hubeba pia maelezo ya kule kinakokwenda, na hayo yanaongeza kama kilobiti 16. Jumla ni kilobiti 40 kwenda na 40 kurudi, yaani takriban MB 0.6 kwa dakika. Saa nzima ya maongezi ni kama MB 36. Mkiongea dakika ishirini kila siku kwa siku thelathini, mnatumia MB 360 hivi. Video ni habari nyingine: hata ikibanwa hadi kilobiti 500 kila upande, saa moja inakula MB 450. Wekeni video kwa siku maalumu, watoto wakuone, na siku nyingine ongeeni kwa sauti.

Fedha utakayookoa ihamishie nyumbani. Bando zuri la data kwenye simu ya mkeo litawasaidia kuliko salio kubwa kwenye simu yako. Nimeona familia nyingi ambako aliye ng'ambo ana intaneti ya kutosha, lakini simu zinakwama kwa sababu aliyebaki nyumbani ananunua bando la siku moja moja na kuishiwa katikati ya mazungumzo. Muombe pia aingie kwenye mipangilio ya programu azime upakuaji wa picha na video wenyewe, maana makundi ya ukoo yanaweza kumaliza bando kabla hujapiga. WhatsApp ina kitufe cha kupunguza data wakati wa simu. Akiwashe, nawe uwashe.

Sasa kukatikakatika. Zile alama za Wi-Fi zinaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na ruta tu, yaani kile kifaa kinachorusha Wi-Fi. Hazisemi lolote kuhusu njia ya kutoka kwenye ruta kwenda nje, na huko ndiko kambi nzima inakogombea jioni. Programu hukata sauti yako vipande vidogo, kwa kawaida 50 kila sekunde, na kila kimoja lazima kifike kwa wakati wake. Filamu ikichelewa, simu inasubiri na kuipakua kabla hujaitazama. Sauti ya mtu anayeongea haiwezi kusubiri hivyo: kipande kikichelewa kinatupwa, nawe unasikia neno limemezwa. Kwa hiyo intaneti inaweza kuwa na kasi ya kutosha kutazama mpira na bado ikashindwa kubeba simu, kwa sababu vipande vinafika kwa kurukaruka.

Dawa ya kwanza ni saa. Jaribuni alfajiri yenu au muda ambao wenzako wako zamu, mkizingatia tofauti ya saa na nyumbani. Dawa ya pili ni kukaa karibu na ruta na kuchagua mawimbi ya 5 GHz kama yapo. Yale ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi lakini huwa na msongamano mkubwa pale watu wanapolala vyumba vilivyobanana. Funga kila kinachotumia intaneti nyuma ya pazia, hasa kunakili picha kwenda mtandaoni. Ikishindikana kabisa, tuma ujumbe wa sauti. Huo unasubiri mtandao na kufika mzima hata pale simu ya moja kwa moja inapovunjika. Na kama kanuni za kituo zinaruhusu, nunua laini ya nchi uliyopo yenye bando la data, iwe kadi au eSIM, yaani laini inayowekwa ndani ya simu bila kadi. Kwa simu za sauti, MB chache za laini yako mwenyewe zina faida kuliko Wi-Fi ya bure inayogombaniwa na watu mia.

Kwa mama, usimlazimishe simu janja. Njia iliyo nyepesi ni programu yenye salio la kupiga namba za kawaida: wewe uko kwenye intaneti, yeye anapokea kwenye kitochi chake kama simu nyingine yoyote, bila kuhitaji data wala kulipa. Viber Out ni mojawapo. Ukikuta maelekezo ya zamani yanayokutuma Skype, yaache. Huduma hiyo ilifungwa Mei 2025.

Bei ya kampuni hizi isome kwa makini. Usiangalie bei ya nchi peke yake; angalia ya mtandao wa mama, kwa kuwa mitandao miwili ya nchi moja inaweza kutofautiana. Tazama kama wanahesabu kwa sekunde au kwa dakika nzima. Kwa dakika nzima, simu ya dakika moja na sekunde tano ni dakika mbili, na mama akikata mara tatu kwa bahati mbaya umelipa mara tatu. Kadi za kupigia simu za kukwangua ndizo zenye mitego mingi: bei kubwa ya kuunganisha kila simu, makato ya kila wiki hata usipopiga, na tarehe ya kuisha. Tena unapopiga ile namba ya kuingilia, laini yako ya huko inaweza kukukata dakika zake pia. Mimi kadi hizo sizishauri kwa mtu mwenye intaneti yoyote ile.

Kama mama ndiye anayependa kupiga, kuna namba ya mtandaoni. Unakodi namba ya nchi ya nyumbani kwa malipo ya mwezi, na simu zinazoingia humo zinafuata programu iliyo kwenye simu yako. Mama na ndugu wengine wanakupigia kwa bei ya ndani ya nchi. Si kila nchi inapatikana, na baadhi zinadai kitambulisho kabla ya kukupa namba. Familia ikiwa kubwa, malipo hayo ya mwezi yanalipa.

Mweleze mama jambo moja mapema: simu yako inaweza kuonekana kwake kwa namba ngeni. Akiikosa asipige tena, kwa sababu yeye ndiye atakayelipia dakika za kimataifa, na pia matapeli hubipu watu kwa namba za nje kusudi wapigiwe. Mnaweza kukubaliana akubipu kwenye laini yako ya huko pale anapokuhitaji. Kubipu kusikojibiwa kwa kawaida hakukatwi fedha, ila uzime kisanduku cha sauti (kile kinachorekodi ujumbe usipopokea) kwenye laini hiyo, maana kikipokea, amelipa.

Laini yako ya nyumbani usiitupe, maana namba za uthibitisho za benki zinakuja humo, na WhatsApp itaendelea na namba hiyo hata ukiweka laini mpya, mradi usiisajili upya. Iache kwenye simu yenye nafasi ya laini mbili, uzime data ya romingi. Kupokea simu ukiwa kwenye romingi nako mara nyingi hukatwa. Tena ukishindwa kupokea, simu inaweza kurudishwa nyumbani kwenye kisanduku cha sauti, ukalipia kuja kwake na kurudi kwake. Kama hukufanya hivyo kabla ya kuondoka, piga ##002#, inafuta uelekezaji wote wa simu, ukiwemo ule wa kwenda kwenye kisanduku hicho. Uliza pia kampuni yako kama inaruhusu kupiga kupitia Wi-Fi kwa bei ya nyumbani hata ukiwa nje. Zipo zinazoruhusu, na ukiipata hiyo, simu ya mama unampigia kwa bei ileile uliyozoea. Ukisafiri kwa meli au ndege, weka simu kwenye hali ya ndege kisha uwashe Wi-Fi pekee. Vyombo hivyo vinaweza kuwa na mnara wake unaopitia setilaiti, na simu huukamata yenyewe bila kukuuliza.

Ukipelekwa mahali pasipo mtandao kabisa, utakutana na setilaiti. Zile zinazoonekana kusimama sehemu moja angani ziko kilomita 35,786 juu, na sauti hutumia karibu robo sekunde kufika upande wa pili, kabla ya ucheleweshaji mwingine. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichelewe zaidi ya sehemu 150 kati ya 1,000 za sekunde, kwa hiyo hapo mtagongana maneno. Maliza sentensi, nyamaza, msubiri. Za Iridium zipo kama kilomita 780 na za Starlink ziko chini ya hapo, ucheleweshaji wake ni mdogo sana. Onyo kubwa ni kwa walioko nyumbani: namba za simu za setilaiti mara nyingi huanza na +870 au +881, na kuzipiga kutoka simu ya kawaida ni ghali mno. Piga wewe, wao wapokee.

Hakikisha pia kituo chako kinaruhusu programu unazotumia. Zipo nchi, Falme za Kiarabu ikiwa mojawapo, zinazozuia simu za WhatsApp na kuruhusu programu zilizosajiliwa tu. Kama kazi yako ni ya ulinzi, mahali ulipo na ratiba za kusafiri visitajwe hata kwa mama, na programu iwe imezimiwa ruhusa ya kusoma eneo.

Wiki hii fanya hivi: hifadhi namba zote za nyumbani kwa kuanza na alama ya + na namba ya nchi, weka salio dogo kabisa kwenye programu moja, kisha mpigie mama dakika tatu. Baada ya hapo fungua orodha ya makato ulinganishe na bei uliyotangaziwa. Zikipishana, tafuta kampuni nyingine kabla ya kuongeza salio.