Amepunguza Pesa za Watoto Bila Kurudi Mahakamani

SWALI: Baada ya talaka yetu, mahakama hapa Nakuru ilimwamuru aliyekuwa mume wangu alipe karo na kutuma shilingi 12,000 kila mwezi kwa chakula cha watoto wetu wawili. Tangu aachishwe kazi anatuma 5,000, akidai kwamba nina duka. Kifungua mimba wetu naye anaingia shule ya bweni. Je, ana haki ya kupunguza, nami naweza kuomba nyongeza?
Mama wa Wawili, Nakuru

JIBU: Dada, hana haki ya kupunguza kwa uamuzi wake mwenyewe. Amri hubaki na nguvu mpaka mahakama iibadilishe, na zile 7,000 anazobakiza kila mwezi ni deni unaloweza kulidai. Kuachishwa kazi ni pigo, lakini alipaswa kupeleka ombi la kupunguziwa pamoja na barua ya mwajiri.

Kuhusu duka, Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Usawa huo si wa kugawana kila shilingi nusu kwa nusu. Sheria ya Watoto ya 2022 haikuweka asilimia maalumu: hakimu hupima mapato na mali ya kila mzazi, majukumu yake mengine, mahitaji ya mtoto na namna alivyokuwa akilelewa. Faida ya duka lako itahesabiwa, kwa hivyo usiifiche katika hati ya kiapo. Ila mweleze hakimu pia kwamba wewe ndiye unayewapikia watoto, kuwafulia na kukesha nao wanapougua, kwa maana huo nao ni mchango, ijapokuwa hauna risiti.

Nyongeza unaweza kuiomba, kwa kuwa hali imebadilika. Beba barua ya shule yenye orodha ya vifaa, risiti za godoro, sanduku na sare, pamoja na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha alichotuma kila mwezi. Jiandae kuulizwa, na ni swali la haki, chakula cha nyumbani kitapungua kiasi gani mtoto akiwa bwenini.

Kabla ya kesi, mwombe afisa wa watoto awapatanishe. Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe na kupelekwa mahakamani yawe amri. Wakati huo wote, tafadhali usimzuie baba kuwaona watoto kwa sababu ya deni.