Uliza Nikujibu: Mbona stelingi mwenyewe haongei?

Ukurasa wetu wa stori, muvi na gemu safari hii umejaa meseji za kusini tupu, Mtwara mjini, Masasi na Lindi, na zote tatu zinazunguka gemu moja ya zamani ambayo mimi mwenyewe naipenda sana kwaiyo nitajibu kwa kirefu. Kama hujaimaliza ujue humu natoboa siri.

*Shikamoo anko. Niko Shangani hapa Mtwara, kaka kaniwekea kwenye simu gemu ya PlayStation ya kwanza inaitwa Wild Arms. Nachagua mtu nacheza, stori ikishaanza kukolea nahamishiwa kwa mwingine, alafu mwingine tena, naona kama naanza upya kila siku. Na huyo Rudy ambaye ndo stelingi hasemi neno! Alafu mara bastola na jangwa kama muvi za kikauboi, mara binti mfalme na uchawi, mara maroboti. Hivi walikuwa wanajua wanachotunga?*

Marahaba mdogo wangu. Walijua, tena sana. Gemu hiyo ilitengenezwa Japani na kampuni ya Media.Vision, ikatolewa na Sony Desemba 1996 kwao, Marekani ikafika 1997. Sasa tuanze na hilo la kuhamishwa hamishwa maana ndo limekukera zaidi.

Angalia vizuri hao watatu wanavyoanza. Jack yuko ndani ya magofu na upanga wake na panya wake Hanpan, anatafuta nguvu ya kale, hiyo ni stori ya msaka hazina. Cecilia ni binti mfalme wa Adlehyde yuko kwenye nyumba ya watawa anasomea uchawi, hiyo ni stori ya ngano za wafalme. Rudy yuko kijijini Surf anaishi kwa watu, mtoto wa pale anapotea pangoni alikoenda kutafuta dawa, Rudy anamfuata na kumwokoa kwa kutumia silaha yake, na kijiji kikishaiona ile silaha kinamwambia aondoke. Hiyo ya mwisho ndo ukauboi wenyewe, mgeni anayesaidia mji alafu mji haumtaki. Yani hujaanza upya mara tatu, umepewa stori za aina tatu kila moja na ladha yake kabla hazijamwagwa kwenye sufuria moja, na ndo maana wakikutana Adlehyde unajikuta unamjua kila mmoja kwa undani wakati wao wenyewe kwa wenyewe hawajuani. Ni raha ambayo huipati kama ungeanza na mmoja tu wenzake wakaja kujiunga njiani.

Na ule mchanganyiko wa jangwa, uchawi na maroboti una mzizi mmoja, usiuone kama vurugu. Dunia yao inaitwa Filgaia, miaka elfu moja nyuma ilivamiwa na mashetani ya chuma, ikapigwa vita iliyoacha nchi inakufa taratibu. Kwa hiyo nchi kukauka ndo kunaleta jangwa na wasafiri wasio na kwao, mabaki ya ile vita ndo mashine zinazochimbuliwa ardhini, na walinzi wa dunia walioishiwa nguvu ndo asili ya uchawi. Jeraha ni lile lile moja, ukauboi wa humo haukuja kwa sababu kofia zinapendeza.

Kitu ambacho mi nakiona bora kuliko vyote ni bastola. Kwenye muvi za kikauboi bastola ni kama panga kwetu, kila nyumba inayo na hakuna anayeshtuka. Huku wameigeuza. Silaha ya Rudy, wanaiita ARM, ni kitu cha kale kilichofukuliwa, watu wanaiogopa kama wanavyoogopa uchawi, na wanaoweza kuitumia ni wachache mno. Kwaiyo akifyatua mara moja tu kumwokoa mtoto wa watu, tayari keshakuwa mtu wa kutengwa. Tunasemaga tenda wema uende zako, Rudy kaambiwa aende zake kwelikweli, na ni mtoto.

Sasa kutoongea. Kwenye gemu za Kijapani za aina hii ni desturi ya siku nyingi kwamba yule unayemwongoza anakaa kimya ili moyo wake uujaze wewe, ukiogopa wewe anaogopa yeye. Kwenye ukauboi nako mbabe ni mtu wa maneno machache. Desturi mbili zimekutana kwa kijana mmoja. Lakini hawakuishia hapo, na hapa natoboa: mbele ya safari Rudy anaumia vibaya wenzake wanagundua hakuzaliwa na mwanamke, alitengenezwa enzi za vita kuwa silaha, mwili wake ni wa chuma hai kama wa yale mashetani. Ukishajua hilo rudi mwanzoni ucheze tena Surf. Ukimya ule utakuuma, maana ni ukimya wa mtu ambaye kila akionyesha alivyo anafukuzwa.

*Habari ya kazi kaka, mi ni mdada wa Masasi, tunaangaliaga gemu hiyo hiyo kwa shemeji. Nauliza, kwanini kila stori adui lazima aje kuwa ndugu au mchumba wa mtu? Si uvivu huo?*

Nzuri dada. Mara nyingi ni uvivu kweli, nakubaliana na wewe. Ila hapa naomba umsamehe mtunzi. Lady Harken ambaye ni mmoja wa wakuu wa mashetani, zamani alikuwa Elmina, mpiganaji mwenzake Jack na mtu aliyempenda, wakati nchi yao ya Arctica bado ipo. Utofauti ni kwamba Jack tangu dakika ya kwanza anasema anatafuta nguvu, nguvu, nguvu, we unadhani ni tamaa ya hela. Siri ikifumuka unaelewa alikuwa anakimbia ile siku aliyoshindwa kuokoa watu wake. Siri inayobadilisha maana ya vitu ulivyokwisha viona ni halali, ile inayodondoka tu kutoka juu ili mshtuke ndo uvivu. Msikilize na shemeji pia muziki wa mwanzo, wa Michiko Naruke, ule mluzi na gitaa: umeshaambiwa ni stori ya wapweke kabla hata hujashika padi.

*Shikamoo mzee wangu. Mimi kijana wa Mitwero, Lindi. Nataka kuandika stori ya aina hii, magofu, mashine za kale, mtu mpweke, ila itokee kwetu. Washkaji wananiambia ukauboi na Lindi wapi na wapi. Niache?*

Marahaba mwanangu, usiache! Meseji yako nimeisoma mara tatu.

Acha kofia na farasi, hivyo ni vya kwao. Chukua kazi ambayo vile vitu vinafanya. Kule Adlehyde kuna maonyesho ya vitu vya kale, watu wamekuja kushangaa majitu ya chuma yaliyofukuliwa, na siku hiyo hiyo mashetani yanavamia. Kilichofukuliwa na balaa vimekutana siku moja. Sasa we unakaa mwendo wa siku chache tu kwa miguu kutoka kilima cha Tendaguru! Kati ya 1909 na 1913, enzi za Wajerumani, mamia ya vibarua walichimba pale mifupa ya dinosaria, madubwana yaliyoishi kabla ya binadamu, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, wakaibeba vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, ikapanda meli. Mmoja wa wale wanyama amesimamishwa Berlin hadi leo, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Hiyo Filgaia yako iko chini ya miguu yako, na swali la nani mwenye haki na kilichofukuliwa hauhitaji kulitunga.

Mtu aliyetengenezwa kwa mikono nae unae. Waulize wazee wa Kimakonde wakusimulie asili yao: kiumbe mmoja aliishi peke yake porini, akachonga mwanamke kwa mti, akamsimamisha, jua lilipochomoza akawa hai. Watoto wao wawili wa mwanzo walikufa kule bondeni karibu na maji, walipohamia juu uwandani wa tatu akaishi. Mtunzi wa Japani alihitaji maabara na vita ya miaka elfu nyuma kumpata Rudy, we una kinyago.

Ila chunga kitu kimoja, usivipange vyote ukurasa wa kwanza, mifupa, kinyago, magofu ya Kilwa, majini, utamchosha msomaji. Filgaia ina jeraha moja na mengine yote yanatokea humo, tafuta na wewe lako, iwe ni mvua iliyogoma au bandari iliyokufa. Alafu anza na mtu mmoja. Ningekuwa mimi ningeanza na mpagazi, siku ya mwisho ya safari, bahari ya Lindi inaonekana kwa mbali, anatua mzigo apumzike kidogo na anasikia kitu ndani ya mzigo kinagonga. Ukimaliza kurasa kumi nitumie, nitazisoma zote.