TV ya flati ikizima, tafuta tochi kabla ya bisibisi

Huku Bombo, Uganda, TV ya mtu ikifa huwa kuna njia mbili: ipandishwe boda hadi kwa fundi, au aitwe kijana wa jirani "anayejua mambo ya umeme". Kijana huyo nimekuwa mimi kwa miaka mingi, ingawa ujana wenyewe umeshanitoka. Ninachowaambia majirani ni hiki: kujua kilichoharibika ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe sebuleni, mara nyingi bila kulegeza skrubu hata moja. Kulehemu mwachie mwenye mazoea. Anayefika kwa fundi akisema "sauti ipo, kioo kizima, taa za nyuma zimekufa" hatozwi sawa na anayefika akisema "imekataa".

Anza na kioo. Kama kimepasuka, kwa mpira wa mtoto au kwa rimoti iliyorushwa usiku ule wa Agosti 2025 Senegal walipotutoa kwenye CHAN pale uwanja wa Namboole, hakuna cha kutengeneza. Wakati mwingine ukipapasa kwa nje ni laini kabisa, lakini ukiwasha unaona weusi uliotapakaa kama wino uliomwagika na mistari ya rangi inayotokea sehemu moja. Tabaka la ndani limevunjika. Paneli, yaani kioo chote na tabaka zake, ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na kuinunua peke yake hukaribia bei ya TV nyingine. Fundi akikuahidi "kuunganisha kioo", chukua TV yako uende. Mistari ya wima isiyoondoka nayo mara nyingi ni ugonjwa wa paneli: tepe nyembamba zilizogandishwa ukingoni zimeachia, na kuzirudisha kunahitaji mashine ya joto ambayo si kila kibanda kinayo.

Kama kioo ni kizima, sikiliza. Sauti ipo lakini skrini nyeusi? Hapo ndipo tochi inapoingia. Ngoja giza au funga mapazia, washa TV, weka stesheni yenye picha inayotembea, kisha mulika skrini kwa karibu, tochi ikiwa imeinama upande. Ukiona vivuli vya watu wakitembea mle ndani, picha ipo, ila taa za kuimulika hazipo. Nilimwonyesha hivyo haji mmoja jirani yangu aliyekuwa ameshaanza kuulizia bei ya TV mpya. Akainama, akatazama, akacheka: "Kumbe wamo humu humu!" Wamo, Haji, wamekosa taa tu.

Taa hizo ni LED ndogo zilizopangwa kwenye mikanda nyuma ya paneli. TV ya inchi 32 mara nyingi huwa na mikanda miwili au mitatu, na LED zake zimeunganishwa kwa kufuatana, moja baada ya nyingine. Ndiyo maana moja ikikata, zote huzimika. Kinachoziua mara nyingi ni joto, na joto hilo tunalileta wenyewe kwa kuacha mwanga wa nyuma kwenye kiwango cha mwisho mchana na usiku. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta mwanga wa nyuma (baklaiti, si ule mwangaza wa picha wa kawaida), uushushe hadi kati. Kwa TV nzima hakuna dawa rahisi kuliko hiyo.

Kubadilisha mikanda kunawezekana nyumbani, lakini nakuomba uheshimu mambo mawili: umeme uliobaki ndani na wembamba wa kioo.

Umeme wetu ni volti 240, lakini ndani ya bodi ya pawa (inayogawa umeme ndani ya TV) ile kapasita kubwa, kikopo kinachohifadhi umeme kilichoandikwa volti 400 au 450, huweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Chomoa, subiri, halafu pima kwa mita ya fundi ya kupimia volti miguuni mwa kapasita kabla ya kugusa chochote. Kama bado imejaa, mafundi huimwaga kwa balbu ya zamani ya nyuzi yenye waya mbili zilizofunikwa vizuri. Kuna wanaotumia bisibisi: cheche inaruka, njia za shaba kwenye bodi zinaungua, na siku nyingine anaungua mwenye bisibisi. Kama huna mita, ishia kwenye tochi. Watoto wawe nje kabisa, si mlangoni wakichungulia.

Kwa upande wa kioo, lazeni TV kifudifudi juu ya godoro lenye shuka safi, nanyi muwe wawili. Skrubu zina urefu tofauti, kwa hiyo ziweke kwenye trei ya mayai kwa mpangilio uliozitoa. Bodi zikishatoka, TV inageuzwa taratibu kioo kiangalie juu, fremu ya mbele inatolewa, na paneli inanyanyuliwa na mikono minne, sawasawa, bila kukunjwa. Zile tepe nyembamba ukingoni usizivute wala zisining'inie, kwani moja ikichanika umebaki na mbao ya ukutani. Chini ya paneli kuna karatasi nyeupe za kusambaza mwanga. Tia alama pembeni ujue ipi ilikuwa juu na imeelekea wapi. Kazi hii ifanye baada ya mvua, vumbi likiwa limelala, la sivyo utatazama habari za jioni na punje ya vumbi kwenye paji la uso la msomaji.

Mkifika kwenye taa, tazameni vifuniko vidogo vya plastiki juu ya kila LED. Ukiwa uliona duara jeupe kali kwenye picha kabla TV haijazima, basi kifuniko kimoja kimebanduka, na gundi inatosha. LED zikiwa zimekufa, usibadilishe moja ukaacha kuukuu zilizobaki: zina umri uleule na zitafuata. Nunua mikanda yote. Na ukienda Kampala kuitafuta, chukua mkanda wenyewe mkononi, kwani TV mbili za modeli moja huweza kuwa na mikanda tofauti, idadi ya LED tofauti, hata volti tofauti (kuna LED za volti 3 na za volti 6). Namba iliyochapishwa kwenye mkanda ina maana kuliko jina la TV. Kabla ya kufunga kila kitu, washa kwanza uhakikishe taa zote zinawaka, bila mkono wowote ndani.

TV iliyokufa kabisa, bila sauti wala kitaa chekundu, ni habari nyingine. Jaribu soketi nyingine na waya mwingine. Chomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia cha kwenye TV yenyewe kwa nusu dakika, iache kidogo, rudisha. Kama kitaa kipo ila rimoti haifanyi kazi, ielekeze kwenye kamera ya simu ukibonyeza. Simu nyingi zitakuonyesha kitaa cha rimoti kikimetameta kama ni nzima.

Bado? Basi huenda ni bodi ya pawa. Kapasita zilizovimba kichwani huonekana kwa macho. Hubadilishwa kwa zenye mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) zilezile, na volti sawa au zaidi, kamwe si pungufu. Fyuzi iliyokatika haikukatika yenyewe, kuna kitu kimepiga shoti mbele yake, kwa hiyo ukiweka nyingine itakatika vilevile. Anayeweka waya badala ya fyuzi anaitafutia nyumba moto. Hapa ndipo namkabidhi fundi, na mafundi wa Katwe, Kampala, wameona bodi nyingi kuliko mimi. Nimewahi kufungua nikakuta mjusi aliyekauka juu ya bodi, maskini, alifuata joto.

Bodi nyingi huuawa na umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Ukikatika, chomoa, na ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke, au nunua kile kifaa cha kulinda TV kinachouchelewesha umeme kwa niaba yako. Radi ikianza, na kwetu radi si mgeni, chomoa pia waya wa dishi au antena, maana umeme wake hupita huko hadi kwenye dekoda na TV.

TV ikiwa bado ina waranti, usiifungue hata kidogo. Na kama spea pamoja na fundi vinapita nusu ya bei ya nyingine, mimi singetengeneza. Lakini ile yenye kioo kilichopasuka usimpe mwenye kununua vyuma chakavu: bodi kuu, bodi ya pawa, spika na mikanda ya taa vikiwa vizima, kuna fundi anavitafuta leo, na atakulipa vizuri zaidi ukivipeleka pamoja na rimoti yake.