Simu mguuni badala ya njuga

SWALI: Shikamoo anko, mi ni dansa hapa Sakina, Arusha, mshkaji wangu ni produsa, tunataka nikikanyaga tu biti iitike yenyewe. Tumefunga simu kwenye kifundo cha mguu inatuma kwa laptopu ila sauti inachelewa balaa, watu wanacheka. Tununue mashine gani?

JIBU: Marahaba. Msinunue kitu kwanza! Simu ina sensa inayopima mtikisiko, ndo ile inayogeuza skrini ukiilaza, kwa hiyo kifaa mnacho. Mchawi wenu nahisi ni spika ya blututhi, ile huchelewesha sauti, na kwenye ngoma hata sehemu ya kumi ya sekunde inatosha mguu na mdundo kuachana, chomekeni waya. Ikigoma bado, acheni mguu uongoze mwangwi au ukubwa wa sauti, sio kila kishindo, huko kuchelewa hakuonekani sana. Wazo lenyewe la zamani, mwaka 1965 New York, dansa Merce Cunningham na mtunzi wa muziki John Cage waliweka antena na sensa za mwanga jukwaani, dansa akipita sauti inabadilika. (Njuga za babu zilishafanya hivyo bila chaji.) Na simu ifungeni vizuri bwana, isije ikamrukia mtu.